Nasaha kwa Mwenye Mgonjwa Gerezani

Mtu huru akiamka na homa huamua mwenyewe la kufanya: atalala, atanunua vidonge dukani, au atajikongoja mpaka zahanati akapange foleni, lakini mfungwa aliyeamka na homa hiyohiyo hana budi kumwambia nyapara, nyapara amwambie askari wa zamu, askari naye amtoe au asimtoe, na katika kila daraja ya safari hiyo isiyozidi hatua mia, maradhi yake hupimwa kwa macho na watu wasiosomea utabibu, ambao swali lao la kwanza ni kama anaumwa kweli au anakwepa kazi ya shamba. Kwa sababu hiyo makala haya hayakuandikwa kwa matabibu, ambao wana vitabu vyao, ila kwa akraba walio nje ya lango wenye mtoto, mume, dada au rafiki aliye ndani, na kwa maofisa wa magereza wenye insafu, ambao ni wengi kuliko masimulizi ya mitaani yanavyokubali kukiri.

Hakimu amhukumupo mtu kifungo humwondolea uhuru wa kwenda atakako. Hamhukumu kifua kikuu, wala upofu wa kisukari, wala kifo cha kifafa usiku wa manane. Jambo hili si hisani ya mtu. Kanuni za Umoja wa Mataifa juu ya wafungwa, zilizopitishwa kwanza huko Geneva mwaka 1955, kisha zikarekebishwa na Baraza Kuu tarehe 17 Desemba 2015 na kupewa jina la Nelson Mandela, zinasema kwamba tiba ya mfungwa ni wajibu wa dola, itolewe bila malipo na kwa kiwango kilekile wakipatacho raia. Kwamba kila aingiaye gerezani apimwe mapema iwezekanavyo. Na kwamba uamuzi wa tiba ni wa tabibu, ambao ofisa asiye tabibu hana ruhusa ya kuutangua. Katiba ya Kenya ya 2010 inampa kila mtu haki ya siha bora katika ibara ya 43, na katika ibara ya 51 inamwachia aliyefungwa haki zake zote isipokuwa zile zisizopatana na kule kufungwa kwenyewe. Tanzania nayo inayo Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, yenye mamlaka ya kuingia magerezani na kupokea malalamiko. Mwenye mgonjwa na ayajue haya, asiyatie mdomoni kila anapofika langoni. Akiba ya maneno makubwa haifai kutumiwa siku ya kwanza.

Niliyoyasikia kwa wauguzi na kwa watu waliokwisha maliza vifungo vyao yamenifanya niamini jambo moja, nalo ndilo uti wa nasaha hizi: dawa gerezani aghalabu hazikosekani kama zinavyokatika. Mtu huanza tiba mahali fulani, kisha huvuka mlango, na mlangoni tiba hubaki upande mmoja na mwili ukaenda upande wa pili. Milango hiyo ni minne: kutoka kituo cha polisi kuingia mahabusu, au rumande kama wasemavyo ndugu zetu wa Kenya, kutoka mahabusu kwenda kifungoni, kuhamishwa kutoka gereza moja hadi jingine, pengine mikoa miwili mbali na bila jamaa kupewa habari, na ule wa mwisho, wa kutoka. Ajizi yetu akraba ni kuamini kwamba mtu akiwa mikononi mwa serikali, basi cheti chake kiko nyuma yake kinamfuata. Hakimfuati, ila kwa mtu kukibeba.

Basi la kwanza ni karatasi. Siku ile jamaa yako akamatwapo, wakati watu wote wa nyumba wanashughulika na dhamana na wakili, mmoja wenu atengwe na shughuli hizo, akae chini aandike ukurasa mmoja tu, kwa hati inayosomeka: jina kamili la mgonjwa kama lilivyoandikwa polisi, maradhi yake, jina la kila dawa na uzito wake, saa za kuinywa, hospitali au kliniki anakotibiwa na namba ya faili lake huko, siku aliyochukua dawa mara ya mwisho, na dawa au chakula kinachomdhuru. Karatasi hiyo itolewe nakala tatu. Moja ipelekwe kwa tabibu wa gereza, wala si kwa askari wa lango. Ya pili akabidhiwe wakili. Ya tatu ibaki nyumbani, na juu yake iandikwe tarehe na cheo cha ofisa aliyeipokea ile ya kwanza. Huo mstari wa mwisho huonekana mdogo, lakini siku ya malalamiko ndio unaotenganisha ushahidi na manung'uniko.

Nilimwona mama mmoja siku ya kutembelea wafungwa, amefunga vidonge katika pindo la kanga, vingine vyeupe, vingine vya rangi ya waridi, vyote vimetolewa katika vifurushi vyake ili visichukue nafasi. Askari kijana alimwamkia kwa adabu, "Shikamoo, mama," naye akaitika, "Marahaba, mwanangu, nimemletea mwenzio dawa zake za presha." Askari akavitazama vile vidonge, akatikisa kichwa: "Mama, hizi mimi sizijui ni nini, na hata daktari wetu hatazijua. Nikizipitisha na mtu akadhurika, ninafungwa mimi." Mama alilia, na waliokuwa karibu wakamlaumu askari kwa ukatili, walakini askari alikuwa na haki. Dawa ipelekwe katika kasha lake lisilofunguliwa, pamoja na cheti cha daktari na stakabadhi ya duka, na kabla ya kuipeleka muulize tabibu wa gereza kama anayo mwenyewe, kwa maana huenda anayo, na fedha yako ikafaa kwa sabuni na mafuta ya kujipaka.

Na mgonjwa mwenyewe sharti aseme. Wengi huingia gerezani wakaficha kwamba wanatumia dawa za virusi vya UKIMWI, kwa kuchelea kusengenywa bwenini, wakidhani watatoka baada ya siku tatu. Siku tatu huwa miezi mitatu, virusi vikaamka, na dawa zilizokuwa zikifaa zikaanza kushindwa. Siri hiyo si ya kumwambia nyapara wala mwenzake wa mkekani. Aombe kuonana na tabibu faraghani, ataje namba yake ya kliniki, na baada ya hapo dawa zitachukuliwa kwa utaratibu wa kawaida, bila malipo, kama zichukuliwavyo na wengine wote nchini. Jamaa anayetembelea anaweza kulisukuma jambo hili kwa swali la upole: "Umeshamwambia daktari?" Asiulize kwa sauti ya kusikika meza nzima.

Juu ya kifua kikuu yanipasa nikae zaidi, maana hayo ndiyo maradhi yanayolipenda gereza kuliko mengine yote. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba aliye gerezani yumo katika hatari ya kukipata takriban mara kumi kuliko aliye nje, na sababu yake haihitaji darasa: watu wengi, hewa kidogo, madirisha yaliyo juu na membamba, chakula cha aina moja, na milango inayofungwa alasiri na kufunguliwa asubuhi, hata pumzi ya mmoja ikawa pumzi ya wote kwa zaidi ya nusu ya siku. Kikohozi kilichofika wiki mbili, homa za jioni, jasho la usiku linalolowesha shuka, na mwili unaokwisha ni dalili ambazo mtembeleaji huziona upesi kuliko askari, kwa kuwa askari humwona mfungwa kila siku na macho yake yamezoea, ilhali wewe humwona mara moja kwa muda mrefu na mabadiliko hukurukia. Ukiziona, usiishie kumhurumia. Mwombe tabibu makohozi yake yapimwe. Mashine za siku hizi hutoa jibu kwa muda wa saa mbili hivi, na papo hapo hueleza kama vijidudu vimekuwa sugu kwa dawa ya rifampisini. Mgonjwa wa kifua kisicho sugu hunywa dawa nne kwa miezi miwili, kisha mbili kwa miezi minne, na hiyo miezi minne ya mwisho ndiyo yenye hila: mtu amekwisha nenepa, kikohozi kimekwisha, naye huona hana haja tena, au kesi yake inaahirishwa, anahamishwa, anatolewa, na dozi inakatika katikati.

Nelson Mandela mwenyewe, ambaye jina lake limepewa zile kanuni, aliugua kifua kikuu akiwa mfungwa wa gereza la Pollsmoor, karibu na Cape Town, mwaka 1988, akiwa na umri wa miaka 70. Alipelekwa hospitali ya Tygerberg, maji yakatolewa kifuani, maradhi yakatambuliwa yangali machanga, akatibiwa akapona. Dunia yote ilikuwa ikimwangalia. Miaka kadhaa baadaye, katika Pollsmoor hiyohiyo, mtu asiyejulikana na dunia alikaa mahabusu zaidi ya miaka minne akingoja hukumu, akaambukizwa kifua kikuu humo ndani, kisha akaachiwa. Aliishitaki serikali, na Desemba 2012 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ikaamua kwamba serikali ilikuwa na dhima. Wakili anayesoma makala haya na aisome hukumu hiyo yote, kwani hoja iliyowasumbua majaji ni ileile itakayomsumbua yeye: mtu atathibitishaje ni pumzi ya nani iliyomwambukiza?

Kenya nayo ilitufunza upande wa pili wa jambo hili. Mwaka 2010, huko Kapsabet, mahakama iliamuru wagonjwa waliokatiza dawa za kifua kikuu wafungwe miezi minane gerezani ili wamalizie dozi, yaani mtu anayehofiwa kuambukiza akapelekwa akalale katika bweni lililosongamana. Machi 2016 Mahakama Kuu ya Nairobi ilisema kwamba kumfunga mgonjwa gerezani kwa ajili ya kumtibu ni kinyume cha katiba. Nastaajabu kwamba jambo kama hilo lilihitaji miaka sita na majalada ya mawakili.

Wako watakaosema kwamba wafungwa wamejitakia, na kwamba hospitali za wasio na hatia zenyewe hazina dawa. Kwa watu hao sina waadhi, ila nina tarehe moja. Mwaka 1750 wafungwa wa gereza la Newgate walipelekwa kuhukumiwa katika mahakama ya Old Bailey mjini London, chumba kimejaa watu, na homa ya magerezani iliyokuwa katika nguo na miili yao ikawaua Meya wa mji, majaji wawili, na makumi ya wengine waliokuja kusikiliza kesi. Mahabusu wengi hawajahukumiwa kwa lolote, na takriban wote watarudi mitaani kwao. Na askari anayewalinda hurejea nyumbani kila baada ya zamu, akamnyanyua mwanawe na kumbusu.

Kuna maradhi yasiyoua lakini yanayomvunjia mtu utu wake, na la kwanza lao ni upele. Tabibu akimtibu mmoja mmoja anayelalamika, kazi yake ni bure, kwa sababu anayelala ubavuni mwa mgonjwa tayari anao ingawa hajaanza kujikuna. Bweni zima lipakwe dawa usiku mmoja, wanaojikuna na wasiojikuna, kuanzia shingoni hadi nyayoni, katikati ya vidole, chini ya kucha, kiunoni na sehemu za siri. Asubuhi blanketi na nguo zote zifuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Kisha dawa irudiwe kama ilivyoandikwa. Watu waambiwe mapema kwamba muwasho huweza kuendelea wiki kadhaa hata baada ya wadudu kufa, wasije wakadhani dawa ni ya uongo. Jumuiya za misikiti na makanisa, ambazo hupeleka sadaka magerezani wakati wa Idi na Krismasi, zingeweza mwaka mmoja kuacha ndizi na pilau, zikanunua dawa ya upele ya kutosha gereza zima pamoja na sabuni ya kufulia, kwa siku moja iliyopangwa na tabibu.

Wenye kisukari wanaotumia insulini wana hatari mbili, na zote mbili zatokana na ratiba ya gereza. Sindano ikitolewa asubuhi na uji ukachelewa, sukari hushuka: mtu hutetemeka, hutoka jasho jembamba, husema maneno yasiyoshikana, na askari huweza kumdhania mlevi au mkaidi. Wenzake wa bwenini wafundishwe kumpa sukari au chai tamu mara moja, maadamu anaweza kumeza, kisha waite msaada. Hatari ya pili ni joto. Chupa iliyokwisha funguliwa hukaa takriban wiki nne mahali pa baridi pasipofikwa na jua, na pasipo jokofu vyungu viwili vya udongo, kimoja ndani ya kingine na mchanga wenye unyevu katikati yake, huifaa kazi hiyo vizuri. Mwenye kifafa hahitaji jokofu, lakini anahitaji dawa yake kila siku, kwa kuwa kuikatiza ghafla huleta degedege mfululizo liwezalo kumwua. Asipangiwe kazi jikoni penye moto wala kwenye misumeno. Na wenzake wajue kwamba povu lake haliambukizi, na kwamba akianguka alazwe ubavu, asitiwe kitu chochote mdomoni.

Wanawake ni wachache magerezani, na kwa uchache wao husahauliwa. Mjamzito aende kliniki kama mjamzito mwingine yeyote, na kanuni nilizozitaja zinakataza kabisa kumfunga pingu mwanamke anapojifungua na mara baada ya hapo. Jamaa zake wasiache taulo za hedhi na nguo za mtoto ziwe jambo la kukumbukwa mwisho.

Ama kuhusu namna ya kusema, ushauri wangu ni kwamba uanze chini na upande daraja kwa daraja. Tabibu wa gereza kwanza, kwa kuwa aghalabu anataka msaada wako kuliko unavyodhani. Kisha mkuu wa gereza, kwa barua fupi yenye tarehe na nakala ya ile karatasi. Na kama jamaa yako yuko mahabusu, basi iko nafasi ambayo watu wengi huipoteza, nayo ni siku ya kesi. Mshitakiwa au wakili wake amwombe hakimu mbele ya watu wote aamuru apelekwe hospitali, na aombe amri hiyo iandikwe katika mwenendo wa kesi. Maneno ya mdomoni hupotea ndani ya karandinga njiani. Amri iliyoandikwa hurudi siku ya kutajwa tena na kuuliza ilitekelezwa au la. Baada ya hayo ndipo uende kwenye Tume. Usitoe rushwa ili mgonjwa wako atibiwe, maana ukishaitoa mara moja umeweka bei, na wasio na kitu watailipa kwa miili yao.

Kwa maofisa na kwa wafadhili nina ombi moja la kushangaza kwa udogo wake, nalo ni mizani. Kila mfungwa apimwe uzito aingiapo na kila mwezi baada ya hapo, na tarakimu iandikwe katika daftari lililopigwa mistari. Aliyepungua kilo nne kwa miezi miwili huenda ana kifua kikuu, au kisukari, au virusi, au ananyang'anywa chakula chake, na katika hali yoyote ya hizo nne yafaa ajulikane mapema. Mizani, kipima presha, daftari, na mafuta ya gari la kupeleka wagonjwa hospitali ya wilaya vingewafaa watu wengi kuliko jengo jipya lenye jiwe la ufunguzi na jina la mgeni rasmi. Kutoka katika daftari hilo pia iandikwe barua ya kumfuata mgonjwa anapohamishwa, iende ndani ya gari lilelile analosafiria yeye.

Umebaki mlango wa kutoka, ambao watu huudhania kuwa wa furaha tupu. Utafiti uliofanyika jimbo la Washington huko Marekani na kuchapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba katika wiki mbili za kwanza baada ya kutoka gerezani, watu walikufa kwa kiasi cha mara kumi na mbili kuliko wakazi wengine, na sababu kubwa ilikuwa dawa za kulevya. Mwili uliokaa miezi bila heroini husahau kuihimili, na kipimo kilichokuwa cha kawaida kabla ya kifungo huwa sumu siku ya kutoka. Jambo hili na lisemwe wazi katika miji yetu ya pwani, ambako vijana wengi huingia gerezani na kutoka kwa sababu ya heroini. Tanzania ina tiba ya methadoni kwa waliozoea heroini tangu mwaka 2011, ilipoanzishwa Muhimbili, na anayehitaji aandikishwe kabla hajakutana na marafiki zake wa zamani.

Fauka ya hayo, kutoka kwenyewe mara nyingi huja kwa ghafla. Msamaha wa Rais wa Tanzania hutangazwa siku ya Uhuru, tarehe 9 Desemba, au siku ya Muungano, 26 Aprili, na watu hufunguliwa kwa makundi, wenye dawa za kifua na wenye dawa za virusi wakitoka na nguo zao mkononi na makasha ya vidonge yakabaki katika kabati ya zahanati. Mkuu wa gereza anayeijua orodha siku chache kabla amkabidhi tabibu majina, ili kila mgonjwa apate barua ya rufaa na dawa za mwezi mmoja, au angalau za wiki mbili. Nawe unayekwenda kumpokea langoni, muulize juu ya barua hiyo kabla hamjapanda gari. Kama hanayo, rudini ndani mkaiombe, maana kuipata baadaye kwa simu ni kazi ya wiki nzima. Wageni watakuja kumpongeza, kuku atachinjwa, na hakuna ubaya. Lakini asubuhi ya siku ya kazi ya kwanza mpeleke wewe mwenyewe kliniki iliyo karibu na nyumbani, ukae naye mpaka jina lake liandikwe katika rejesta ya hapo na apewe tarehe ya kurudi.